Mpima Makengeza

Mpima makengeza ana mikono minene kama ya mwashi, lakini vioo vyake huvishika kama mayai ya kwale. Kwanza humulika tochi aone nuru inatua wapi kwenye kila jicho. Kisha hufunika hili, hufunua lile, akibadilisha vioo na kuguna "ehee" kama anayesimuliwa umbea. Leo tochi imesema jicho limepinda kwa thelathini, vioo vimesema arobaini. Amefuta namba zote mbili, anaanza upya.

"Si uandike thelathini na tano, baba, niwahi treni ya Usoke?" anauliza Veridiana.

"Daktari atakata msuli wa jicho kwa kufuata namba hii, mama. Nitazame."

Veridiana anamtazama. Mtandio aliofichia jicho lake tangu usichana umelala mabegani saa nzima, naye hajaukumbuka.