Teleprinta ya Rujewa ilikuwa nzito, nikaumwagia waya ndoo nne za maji

Daftari langu linasema: Alhamisi, Julai 1975. Asubuhi baridi, mchana upepo wa vumbi.

Wakuu, kwema humu? Nimesoma uzi wa kijana anayelia modem yake ya dial-up iko slow kwenye kompyuta ya zamani, nikakumbuka yangu. Nitasema ilivyokuwa, hata pale nilipokosea. Shule yangu ni darasa la saba, mnivumilie.

Nilikuwa karani wa ghala la mpunga Rujewa. Tulikuwa na teleprinta: unachapa huku, maneno yanatokea Mbeya, herufi moja moja. Upande wa pili alikaa mzee Anyosisye, mkazi wa Soweto, mtaa wa hukohuko Mbeya. Miaka miwili tunachapiana, sura yake siijui.

Tatizo: ujumbe mmoja ulikula karibu asubuhi nzima. Bosi akasema mkaguzi anakuja. Akiukuta uzito huu mashine inahamishiwa Iringa, mimi narudi kubeba magunia.

Nikahangaika. Nikapiga brashi pumba zote zilizoingia kutoka kinu cha jirani. Nikatia oil. Fundi aliwahi kuniambia waya wa ardhini ukikaukiwa, line inafifia. Nikamwaga ndoo nne.

Wapi!

Mkaguzi akafika, akaketi pembeni, saa mkononi. "Haya, ita Mbeya."

Nikachapa KAMWENE MZEE, salamu ya kwetu. Ikarudi UGONILE MWANANGU, salamu ya kwao. Nikauliza wa nyumbani. Akauliza mke, watoto, mama yangu wa Ilula na goti lake. Herufi zikaruka hapo kwenye goti, akaomba nirudie. Goti la mama huwezi kuliacha hewani.

Nisimsingizie mzee: aliyeuliza habari za ng'ombe ni mimi.

Mkaguzi akavuta karatasi, ndefu kuliko mkono wake. Mwisho kabisa: MAGUNIA LINI, yaani yale matupu tuliyokuwa tukiyangoja kutoka Mbeya.

"Kijana, waya mzima huu! Ninyi ndio mnaokwenda kwa miguu. Acha salamu, tuma kazi tu."

Nimwamrishe bila hata salamu? Mtu wa umri wa baba yangu? Lakini kazi nayo naitaka. Nikachapa: TUMA MAGUNIA LEO.

Kufumba na kufumbua, imekwenda. Mkaguzi akacheka, akaandika mashine ibaki.

Mbeya kimya. Nikaita tena, kimya. Mchana wote. Mkaguzi akachukua kalamu, akakata alichoandika.

Jua likielekea kuzama, lori likaingia uani. Juu ya magunia matupu kaketi mzee mwembamba, vumbi hadi kwenye kope.

"Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeona nije mwenyewe. Nimekukosea nini, mwanangu?"

Nikamnyooshea mkaguzi kidole. Sijivunii hilo, ila ndivyo nilivyofanya.

Mkaguzi akatazama magunia, akamtazama mzee. "Basi... si nilisema leo? Yamefika leo." Akaandika upya: IBAKI.

Somo nililopata: kabla hujamwagia waya maji, tazama kwanza unapitisha nini humo. Ila hadi leo sijui aliyekosea ni sisi au mkaguzi, maana bila salamu ujumbe ulikimbia, jibu likaja kwa lori. Mnaonaje, wakuu? Hata wa kunisuta aje.

Jioni hiyo mke wangu alipika wali kwa kambale. Mzee akaanza kumuuliza mkaguzi habari za kwao, mmoja mmoja, mpaka wali ukapoa. Tukaula hivyo hivyo.