Kombaini na Karai la Pumba

Sisi tuliokulia Nangwa wakati mashamba ya ngano ya serikali yalipofika hadi macho yanapoishia, utoto wetu ulikuwa wa vumbi na makombaini. Msimu wa mavuno, mashine zile zikianza kunguruma asubuhi, tulikimbia kuzitazama kabla ya kengele ya shule, na mwalimu alitungoja na fimbo yake. Hatukujali. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, tukala makande ya baridi, midomo ikapasuka kwa upepo wa mlimani. Watoto wa leo wanavalishwa kofia mbili na bado wanakohoa.

Mbwa wetu tulimwita Kombaini kwa sababu alimaliza kila kilichokuwa mbele yake bila kusimama. Baba alimtoa kijiji cha Bashay akiwa ameachishwa kunyonya tu, akamweka zizini alale na kondoo, akakua akijiona kondoo mwenye meno. Fisi walikuwa wengi enzi hizo, na nyumba isiyo na mbwa wa kweli iliamka na pengo zizini.

Matata yalianza na pumba. Mjomba alikuwa dereva wa trekta mashambani, akawa anatuletea magunia ya pumba za ngano. Tulifanya kama majirani wote: pumba nyingine kwa kondoo, nyingine tunasonga ugali wa mbwa, maana unga wa mahindi ulikuwa wa watu. Tena mbwa alilishwa humo humo zizini, asije akazoea kutangatanga. Sasa kondoo gani atasikia harufu ya pumba atulie? Walilivamia karai lake wakisukumana, na Kombaini akaanza kunguruma. Baadaye akaanza kung'ata. Siku alipomchana sikio mwanakondoo, baba alichukua rungu.

"Mbwa anayeuma kondoo ni fisi," alisema. "Tena huyu fisi namlisha mwenyewe."

Mama alisimama mlangoni mwa zizi, mikono kiunoni. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo baba hakupata pa kupita.

"Baba Paskalina, huyu amelinda chakula chake. Si tulimleta alinde? Niachie mpaka wamalize kuvuna ngano. Paskalina atanisaidia."

"Na akimuuma mwingine?"

"Hapo sitasema neno."

Paskalina ndiye mimi. Nilimpenda yule mbwa kupita kiasi, na nilianza kazi ile jioni hiyo hiyo.

Karai tulilihamishia nje, nyuma ya ua, na kondoo wakishafungiwa ndipo Kombaini alikula, kisha akarudi kulala nao. Pumba tukawaachia kondoo peke yao. Mbwa akasongewa ugali wa mahindi, wa kwetu ukapungua, kaka zangu wakanuna. Lakini kunguruma hakukuisha. Hata mimi niliyempelekea chakula alinionyesha meno.

Nilitaka kumpokonya karai ajue mkubwa ni nani. Mama akanikatalia. "Ukimnyang'anya, atajua alikuwa na haki ya kuogopa."

Basi nikawa naweka karai tupu, natupia tonge moja, narudi nyuma. Akimaliza ananitazama, natupia jingine. Alipozoea, nikawa napita akiwa anakula na kumdondoshea kitu kitamu zaidi, ukoko uliolowa maziwa au kipande cha mfupa. Aliponguruma nilisimama pale pale, sisogei. Siku nyingine tulirudi mwanzo kabisa, nikalia kwa hasira. Majirani walitucheka kwamba tunalea mbwa kama mtoto wa kwanza. Mama aliwajibu kwa kunipa tonge jingine. Hatimaye ikafika jioni ambayo Kombaini aliniona nakuja, akatikisa mkia.

Makombaini yaliponyamaza, baba alikuja mwenyewe. Alimbeba yule mwanakondoo wa sikio lililochanika, akaenda naye moja kwa moja hadi penye karai, mbwa akiwa katikati ya kula. Mama aliushika mkono wangu mpaka ukauma. Kombaini aliinua kichwa, akamtazama mwanakondoo, kisha akaunusa mkono wa baba kuona amemletea nini. Baba hakuwa ameleta kitu. Akajipapasa mfukoni, akatoa kipande cha kiazi alichojiwekea, akampa. Rungu likarudi ukutani. Tangu hapo, baba hakugusa ugali wake jioni kabla hajauliza, "Kombaini amekula?"

Mashamba yale yamegawanywa, na wazazi wangu wamelala makaburini. Vijana wa sasa, mbwa akinguruma mara moja tu, wanamtafutia mtu wa kumchukua, na hata wenzi wao huwaacha vivyo hivyo, kwa ugomvi mmoja. Mimi bado nafuga. Nina mbwa mmoja mkorofi sana wa chakula, na simwachi, hata wanicheke. Ila jioni nikishafunga zizi na kuketi na sahani yangu, nyumba inakuwa kimya, na hakuna wa kuuliza kama Paskalina amekula.