Uzito wa Mama Juu ya Ziwa

Juzi nilimsindikiza mwanangu dukani kule Kista, hapa Stockholm, akachague ubao mpya wa theluji, ule mmoja mpana ambao vijana husimama juu yake kiubavu na kuteremka nao mlima. Wewe unanijua: sinunui hata kitunguu bila kukigeuza mara mbili. Mwanangu ana urefu wa kuinamia milango na mwili wa kuijaza, nami nilikwenda na hoja zangu tayari. Mtu wa namna ile anataka ubao mrefu, mgumu usiopindika ovyo, tena mpana, maana kiatu chake kinatosha kulaza paka, na vidole vikizidi ukingo vitakwaruza theluji na kumlaza kifudifudi.

Kijana wa duka, mwenye adabu zake zote, aliinamisha kichwa akamwuliza ana kilo ngapi, kwa sauti ya mtu anayeulizia msiba. Mwanangu akatazama sakafu, akataja namba. Namba nzuri sana, ila ya mtu mwingine.

"Ongeza kumi na tano," nikasema.

Mwanangu akaniambia kwa Kiswidi kwamba ninamwaibisha. Kijana wa duka aliurudisha ubao aliokuwa ameushika, akaleta mwingine, na huo ndio tulioondoka nao. Lakini kabla hatujaondoka niliupapasa ukingo wake, na pua yangu, bila kuniomba ruhusa, ikatafuta harufu ya lami ya msonobari waliyopaka mbao za zamani. Haikuwepo. Mbao za siku hizi hazinuki kitu. Basi nikawa nimesimama pale Kista huku moyo umekwenda Farsta, mtaa tuliokuwa tukiishi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nina miaka tisa, nimeshika pindo la koti la mama.

Mama alikuwa mkunga. Alifika Stockholm kutoka Tanga kwa mafunzo, baba akamfuata kusomea mitambo ya meli, na majira yale ya baridi baba alikuwa Göteborg kwa masomo, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu. Mama alikuwa mrefu. Tena alikuwa mnene, si unene wa kulegea, unene wa nguzo. Akikaa kwenye treni, aliye pembeni yake alijua kwamba amekaa na mtu. Kwetu mtu akirudi likizo akaambiwa amenawiri, huo ni ushahidi kwamba huko alikotoka mambo si mabaya. Mama alilivaa neno hilo kama cheo.

Nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, na Jumamosi ilinukia maharage. Nazi hazikupatikana, au zilipatikana kwa bei ya kumkimbiza mtu, kwa hiyo mama alinunua pakiti za nazi kavu ya kutilia keki, akailoweka katika maji ya moto na kuikamua kwa kitambaa mpaka tui likatoka. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha moja ya kitambaa naye akisokota ncha nyingine. Mabomba ya joto yaligugumia ukutani, madirisha yakatoka jasho, na jirani yetu wa chini, bibi mmoja Mswidi aliyekuwa mjane, alikuwa akipanda kuuliza kuna nini leo. Aliuliza kila Jumamosi, na kila Jumamosi alikuwa amekuja na kijiko chake mfukoni.

Sasa sikiliza. Mwaka ule mwalimu wetu alitangaza kwamba darasa zima litavuka ziwa lililoganda kwa skii, zile mbao mbili nyembamba za kufungwa miguuni, mpaka ng'ambo ya pili, ambako kungekuwa na moto, soseji na machungwa. Watoto wa Kiswidi walizaliwa nusu wamekwisha vaa skii. Mimi nilikuwa bado naanguka nikiwa nimesimama. Mwalimu akasema kwa upole kwamba anayejifunza bado atavuka na mzazi wake. Asiye na mzazi wa kumfuata atabaki shuleni na wadogo, wakate karatasi za rangi. Niliwaza zile karatasi usiku kucha. Mama, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga ubao wowote wa kuteleza, aliposikia alisema tu kwamba atabadilishana zamu, na kwamba mtoto wake hakuletwa Ulaya kukata karatasi.

Dukani tulikwenda siku ya pili yake. Duka lilikuwa karibu na kituo cha treni, limejaa harufu ya lami na nta na sufu iliyolowa. Skii zilisimamishwa ukutani kama mianzi. Muuzaji alikuwa bwana mwembamba aliyevaa tai chini ya sweta. Alimwomba mama ainue mkono juu, akasimamisha skii pembeni yake. Ncha ikifika kwenye kifundo cha mkono, urefu umetosha. Kwa mama alilazimika kwenda kuleta ngazi ndogo. Kisha akamtazama mara moja, haraka, kama mtu anavyotazama jua, akachagua jozi, akasema hii hapa.

Na mama hakuuliza zaidi, kwa sababu alikuwa na vita vingine. Bei ilikuwa imeandikwa kwenye kibandiko, na kule kilichoandikwa ni kama kimechongwa jiweni. Mama akasema sawa, kama hupunguzi, tia nyongeza. Kiswidi chake hakikuwa na neno la nyongeza, basi akalieleza kwa mikono, kama anavyofanya muuza mchele anayejaza kipimo kisha akarusha konzi moja juu. Bwana yule hakuwahi kuombwa kitu kama hicho maishani mwake. Alitia kopo la nta. Mama akaendelea kusimama. Akatia kizibo cha kusugulia nta. Mama akavua glavu moja, kuonyesha kwamba ana nafasi. Akatia kofia ya sufu, yangu. Tulitoka pale washindi, na mimi nilijifunza biashara yote ninayoijua siku ile, pamoja na hasara yake.

Hasara tuliiona jioni, kwenye uwanja ulio nyuma ya majengo. Skii ya mti hailali bapa. Katikati imeinuka kidogo kama upinde. Ukisimama kwa miguu miwili, upinde unakubeba, unateleza. Ukikandamiza mguu mmoja, upinde unalala, nta iliyo chini ya mguu inashika theluji, nawe unajisukuma. Huo ndio ujanja wote. Upinde wa mama ulilala palepale alipopanda na haukuamka tena. Nta ikashika na haikuachia. Alinyanyua mguu huu, akanyanyua ule, kama mtu avukaye tope la mpunga.

Watoto wa darasa langu walikuwa pale na vigari vyao vya kuteleza. Kijana mmoja mwenye pengo la meno aliniambia mama yangu anapiga theluji pasi. Wenzake wakacheka. Kisha akasema, akiwa makini kabisa, kwamba heri ashindwe hapa, maana akifika ziwani barafu itapasuka tuzame sote. Sikucheka na sikulia. Nilikuwa nataka mama aje ziwani kuliko kitu chochote, na pia nilitaka aingie ndani upesi.

Jirani wa chini alikuwa roshanini akikung'uta zulia. Alitazama kwa muda, kisha akauliza kutoka juu kama mama alimwambia muuzaji ana kilo ngapi.

"Hakuniuliza," mama akajibu.

"Hathubutu," jirani akasema, akaendelea kukung'uta zulia lake.

Mama alisimama pale na mbao zake akilitafakari neno hilo. Kwake lilikuwa jambo geni kabisa. Usiku ule, huku akinisugua miguu kwa mafuta, alinisimulia kwamba wodini mtoto akizaliwa, kabla hata hajapewa jina, kila mtu anauliza ana uzito gani. Baba anapiga simu, bibi anapiga simu, namba inatangazwa kwa shangwe. "Sasa mtoto huyohuyo amekua," akasema, "wanaona haya ya nini?"

Kesho yake tulirudi. Palikuwa na wateja wengine, akiwemo bwana mmoja wa Kiswidi, mkubwa kama kabati, aliyekaa akijaribu viatu. Mama aliweka skii juu ya meza. Hakugombana. Alisema kwa Kiswidi chake cha hospitalini, kilichonyooka, kwamba mbao hizi ni nzuri lakini ni za mtu mwingine, kwa sababu jana hakuulizwa uzito.

Bwana mwembamba akawa mwekundu. Alisema si jambo la kumwuliza bibi.

"Kwangu mimi ndilo swali la kwanza," mama akasema. "Nina kilo mia na nne."

Nilitazama nta zilivyopangwa kwa rangi zake, bluu, kijani, zambarau, nikazitazama tena. Ndipo yule bwana mkubwa, bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu chake, akasema taratibu kwamba yeye ni mia na kumi na mbili, na kwamba kwa miaka mingi amekuwa akidhani yeye ndiye hajui kuteleza.

Baada ya hapo kazi ilifanyika kama kazi. Muuzaji alileta jozi mbili kutoka nyuma. Moja ilikuwa ndefu sana na laini. Nyingine fupi kidogo, nene katikati, aina inayotengenezwa kwa wanaobeba mizigo msituni. Urefu wa mama ulidai ile ya kwanza, uzito wake ukadai ya pili. Muuzaji alilaza ya kwanza sakafuni, mama akapanda, muuzaji akanipa ukurasa wa gazeti niupitishe chini ya mguu wake. Haukupita; ulichanika. Tukalaza ya pili. Mama akapanda kwa miguu miwili, gazeti likapita laini kama barua chini ya mlango. Akahamishia uzito wote mguu mmoja, nikavuta, gazeti likagoma. Mpaka leo nikiona gazeti lililokunjwa mkono unanikumbusha raha ile: kuvuta, na mama asivutike.

Bwana mkubwa akaomba apimwe vilevile. Alipopata jozi yake, mama akamkumbusha muuzaji kwamba ameleta wateja wawili, na nyongeza hufuata wateja. Tukarudi na kofia ya pili.

Siku yenyewe kulikuwa na theluji mpya juu ya barafu, laini, ya kufika magotini. Mama alivaa suruali mbili, na juu yake akajifunga kanga, maana alisema hatavuka maji yoyote bila kanga. Alikuwa amefanya mazoezi jioni zote, na jirani akiwa roshanini akitoa maelekezo. Hakuwa hodari. Lakini alikuwa anateleza. Aliposukuma, alikwenda, na alipokwenda hakuwa na haraka ya kusimama.

Tulikuwa hatujafika mbali barafu ilipotoa mlio. Kama hujausikia, ni mlio mrefu wa kuguna unaoanzia ufuoni na kupita chini ya miguu yako. Darasa zima lilisimama. Kijana mwenye pengo alimtazama mama, na mimi nikamwona akimtazama. Mama alisimama akainamisha sikio, kama ninavyoamini alivyosimama juu ya vitanda vingi. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, na akanitaka niwatafsirie wenzangu.

"Waambie mtoto anayelia ni mzima. Wa kuogopa ni anayenyamaza."

Niliwatafsiria. Mwalimu akacheka, akasema ndivyo ilivyo, barafu nene huimba. Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alitazama nyuma yetu, akaona kwamba mahali alipopita mama theluji ilikuwa imekandamizwa ikawa mistari miwili safi, migumu, kama reli, lakini pale walipopita watoto paliporomoka tu. Akamwomba mama apite mbele.

Basi mama akatangulia. Nilimfuata mimi, nyuma yangu kijana mwenye pengo, na nyuma yake darasa lote. Ndani ya reli zile hata mimi sikuanguka. Mguu haukuwa na pengine pa kwenda. Mbele yangu niliona kanga tu na mvuke wa pumzi yake ukipanda, nikasikia skii zikisema shaa, shaa, na harufu ya lami ikinijia kwa upepo. Ng'ambo tulikula soseji zilizoungua upande mmoja, na machungwa ya baridi ya kuuma meno. Kijana yule aliketi karibu na mama kuliko mimi. Akamwuliza kama wakati wa kurudi atapita mbele tena, kisha, kwa hofu ya kukataliwa, akampa nusu ya chungwa lake.

Siku hizi ziwa lile kuna miaka haligandi kiasi cha kubeba hata bata. Pale penye duka la skii sasa wanauza miwani. Jirani alikwenda zamani, na ghorofa yake imekaliwa na watu wasiokung'uta mazulia. Nta za rangi, lami, gazeti chini ya mguu, hata haya ya yule muuzaji, vyote nimevitafuta sivioni.

Mama anaishi Hallonbergen sasa, katika nyumba ya kulelea wazee. Bado ni mrefu, ila urefu umebaki peke yake. Wauguzi ni watu wema, na uzito wake huniambia nje, kwenye ukumbi, kwa sauti ya chini. Sheria yao ni kwamba mtu asihamishwe kutoka kitini kwenda kitandani bila wahudumu wawili. Wiki iliyopita mmoja alichelewa, mama alikuwa amechoka, akaniambia, "Mwanangu, nilaze." Nikamwekea mikono kwapani, nikajipanga miguu kama mtu anayetaka kunyanyua kitu kizito, nikavuta pumzi.

Nilimnyanyua peke yangu. Ningetoa kila nilichonacho, bila kudai nyongeza, ili nishindwe.