Ng'ombe wa Kompyuta Mbele ya Wakwe

Mke wangu Ciku akianza kuwahadithia wageni hii stori, mimi hutoka nje ati naenda kuangalia kuku, na kuku hatuna. Leo wacha niiseme mwenyewe, maana yeye huongeza chumvi na aibu yangu ilishakolea zamani.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha, nikikaa na mama yangu huko Ruiru, nyuma ya mashamba ya kahawa, na mtaa mzima ni mimi tu nilikuwa na intaneti ya nyumbani (niliringa nayo, sikatai). Intaneti ya siku hizo ilipitia kwa waya wa simu, kwa hivyo ukiwa ndani yake, mtu akikupigia anasikia tu uko bize. Sasa Kariuki, ndugu ya Ciku, alikuwa nayo pia huko kwao Thika, na tukikutana ni ubishi wa intaneti ya nani ina mbio: yeye ati waya za Thika ni mpya, mimi namwambia kampuni zote za intaneti ziko Nairobi, wewe wa Thika unazipigia kama simu ya mbali, mbio utatoa wapi? Tukakubaliana kila mtu avute picha moja kutoka kwa intaneti, ya ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, akiangalia saa. Kariuki akavuta yake, akanipigia simu akicheka, ati ng'ombe wake alifika chai ikichemka.

Hiyo ilinikera mpaka siku ya wakwe kuja kuona itara. Kwetu Wakikuyu, kabla mahari iendelee, watu wa msichana huja kuangalia boma ambalo mtoto wao atapika, na wasipolipenda, kijana unabaki ukijikuna kichwa, na mimi nilimtaka Ciku, sikutaka mwingine. Mpango ulikuwa wakishuka kwa stage ya matatu wanipigie kutoka kwa kibanda cha simu, niende niwalete, maana hizo njia za kahawa mgeni hupotea.

"Usitoke hapo kwa simu," mama akaniambia.

Sikutoka. Nilikaa kando ya simu, nimevaa suti, nikiangalia kompyuta imefunikwa kitambaa cha mshono, na wakwe walikuwa wamechelewa, nikaona wacha nipime mbio ya ng'ombe wangu kidogo tu. Nikachomoa waya kwa simu nikachomeka kwa kompyuta.

Wueh! Picha ilikuwa inashuka kutoka juu, mstari kwa mstari. Nikaona anga, tena anga, tena anga (ng'ombe gani huyu anaishi mawinguni?), halafu masikio yakachungulia, na sasa ningekata vipi? Ukikata unaanza tena huko mbinguni. Mvua ikaanza kunyesha.

"Simu haijalia?" mama akauliza akiwa jikoni.

"Bado, mama!" Na sikuwa nimedanganya.

Macho ya ng'ombe yalikuwa yamefika niliposikia trekta nje. Nikachungulia dirishani. Ngai! Wakwe walikuwa juu ya trela ya kubebea kahawa, baba yake Ciku mbele, kofia inatiririka maji, gunia mabegani, na wamama nyuma wakiwa matope mpaka magotini. Walikuwa wamepiga simu wakachoka, wakaanza kutembea, wakapotea, dereva wa trekta akawahurumia.

"Simu yako ilikuwa bize tangu tushuke," Kariuki akasema akiingia.

"Bize na nani?" mama akawaka. "Hapa hakuna mtu ameongea!"

Kariuki akaona kompyuta. Aki yule mtu hana huruma. "Baba, alikuwa anavuta ng'ombe."

Mama, kuonyesha wageni simu yetu ni nzima, akachomoa waya akaurudisha kwa simu, na ng'ombe akakwama hapo hapo kwa pua. Mzee akavuta kiti, akamwangalia, suti yake ikidondosha maji sakafuni.

"Huyu ndiye wa mahari?"

"Hapana, mzee," nikasema, mjinga mimi, "huyu ni wa kupima mbio."

"Mbio gani? Na hana miguu?"

Wamama walicheka mpaka mmoja akashikilia ukuta. Mimi sikucheka, nilijua Ciku nimemkosa. Walikula, wakanywa chai, na mzee akasimama kuaga.

"Boma tumelipenda. Mama yako ni mtu wa watu," akasema. "Lakini ng'ombe wa kwanza nataka aje Thika akitembea, na wewe nyuma umeshika kamba. Tupime mbio yako."

Nilimtembeza, jamani. Kutoka Ruiru, nikapita Juja watu wakinipigia miluzi, suti ileile, ng'ombe akisimama kula kila jani aliloliona, na kwa geti ya wakwe nikamkuta Kariuki amesimama, saa mkononi, chai kwa kikombe.

"Imepoa," akasema.

Tangu siku hiyo, wageni wakiwa njiani, mimi kompyuta siigusi hata kupanguza vumbi. Ciku nilimpata. Miguu ya yule ng'ombe wa kompyuta sijaiona mpaka leo.