Kusindikiza kwa Macho

Kwetu Kivu mgeni haagwi mlangoni. Unamsindikiza mpaka njia panda, mnacheka, na pengine yeye naye anageuka kukurudisha nusu ya njia. Ndiyo maana mume wangu, aliyekuwa mpishi huko Woluwe, kwa Wabelgiji, alicheka mpishi mwenzake alipotueleza kwamba kwenye mteremko wa theluji watu huvuka mmoja mmoja. Mbelgiji huyo alipanda milima kila majira ya baridi, na mwaka ule alikuwa ametualika.

"Bon, huyu anacheza na sisi," mume wangu aliniambia.

Tulikuwa bustanini tukijizoeza, miaka ya tisini, bila hata chembe ya theluji. Mwenyeji wetu alifukia chini ya majani makavu kifaa kidogo kinacholia, cha kumtafutia aliyefukiwa na theluji, nasi tukakitafuta tukizunguka kama kuku. Alituonya kwamba theluji ya mwanzo wa msimu ni laghai. Chini imelegea kama sukari, juu upepo umeigandamiza, na ukiikanyaga upande mzima unaweza kuporomoka. Wawili wakifukiwa pamoja, nani atawachimbua?

Mume wangu alinishika mkono. Siku tuliyokimbia Bukavu alimwahidi mama yangu kwamba sitatembea peke yangu kamwe. Tulishuka stesheni ya Gare du Midi tumeshikana mikono, na hata sokoni Jumapili hakuniachia. Nilichoka wakati mwingine, Mungu anisamehe, lakini nilipenda.

Desemba tukapanda treni kwenda milimani, sisi, mwenyeji wetu na wenzake wachache. Hata leo nikifumba macho nauona weupe ule, na kimya kilichonifanya nihisi bado nimelala. Mwenyeji wetu alitangulia, akasimama penye miamba. Zamu yangu ikafika. Nikasikia hatua nyuma yangu.

"Nakusindikiza, maman," mume wangu aliniambia.

Nikawaka. "Attends! Weye bakia pale. Uniangalie tu!"

Alisimama. Moyo uliniuma, lakini nikaenda. Nilipogusa mwamba, nyuma yangu kulisikika mguno, kama wa mtu mzito anayekaa kitandani. Theluji niliyoikanyaga ikateleza polepole, halafu kwa kasi, pamoja na nyayo zangu zote. Ng'ambo alikuwa amesimama mume wangu, mkono ameunyosha hewani. Wenzetu wakamrudisha kwa njia tuliyojia, tukakutana bondeni jioni. Alilia, nami nikalia.

Tuliporudi nyumbani Ganshoren, hakunisindikiza tena mpaka kituo cha tramu. Asubuhi alisimama dirishani, kikombe mkononi, mpaka nikate kona. Majirani wakasema ana wivu, ananichunga. Niliwaacha waseme. Kabla ya kona niligeuka, naye alikuwapo.

Mwaka mpya nilimpigia mama simu. Swali lake lilikuwa lile lile: je, bado mume wangu anatembea nami?

"Ndiyo, mama," nilimwambia. "Sijatembea peke yangu hata siku moja."