Msamaha wa Idi Hauombwi kwa Kipaza Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Ghuba alinisimamisha mbele ya ramani, akapitisha kiganja juu ya falme zote za Kiarabu na kuniambia nizichukulie kama nyumba moja. Nilikuwa kijana kutoka Unguja, Kiarabu nimekijua chuo cha Kurani kwa fimbo, nikanyamaza kwa kuwa nilihitaji ajira. Baadaye niligundua kwamba kosa lile halikuwa lake peke yake. Ofisi nzima, pale katikati ya jiji la Sydney, iliishauri serikali ya Australia kuhusu nchi ambazo wakubwa wetu walizijua kwa bei ya mafuta na idadi ya ndege za kivita.

Kazi yenyewe iliitwa tathmini. Unasoma hotuba, magazeti na taarifa za ubalozi, kisha unaandika ukurasa mmoja: mfalme fulani anamwogopa nani, na akitishwa atamkimbilia nani. Jibu la pili lilikuwa jepesi, kwani falme zilitoa bandari na kambi, na marafiki wa Magharibi wakatoa mitambo ya kutungua makombora. La kwanza lilitaka subira, na subira ofisini kwetu ilikuwa adimu kuliko maegesho.

Nilipopelekwa ubalozini katika ufalme mmoja mdogo, niliwekwa chini ya Mwambata wa Kijeshi, afisa anayeshughulikia uhusiano wa majeshi ya nchi mbili. Huyo nilimheshimu. Alikwenda barazani kwa watu, akanywa kahawa, akauliza habari za wazee, akaondoka bila kutaja shida yake. Shida aliitaja ziara nyingine, kwa sauti ya chini, na mara nyingi ilikwisha. Tuliuita mtindo huo njia ya kimya: jambo linaombwa bila yeyote kuonekana ameomba, wala ametoa. Hata majina ya wafungwa wanaosamehewa kila Idi yalipita njia hiyo. Ndiko nilikofahamiana na Brigedia wa usalama wa kule.

Korona ilinikuta nimerudi Sydney. Nilifanyia kazi kwenye meza ya jikoni, nyumbani kwangu Quakers Hill, mikutano mfululizo kwenye kompyuta, Mkurugenzi wetu mpya akihutubia huku sauti yake imezimwa. Katika Ramadhani hiyo alinipigia Mama Ezekieli, Mrundi wa mtaa wa Granville aliyekuwa akisafisha ghorofa yetu ya ofisi kabla ofisi hazijafungwa. Mwanawe alikuwa mlinzi kwenye kambi ya washirika katika ufalme ule ule. Kombora lilitunguliwa juu ya kambi, naye akalipiga video na kumtumia mama yake. Kule, kupiga picha za kambi ni kosa la usalama. Akakamatwa.

"Papa Salum, mtoto yangu hakuiba," aliniambia. "Alituma ile video nione iko muzima. Sasa hiyo ni crime gani?"

Nilimpigia Brigedia. Habari za familia zilichukua sehemu kubwa ya mazungumzo, na jina la kijana nikalitaja mwishoni, kana kwamba nimelikumbuka. Akasema ataliangalia kabla ya Idi. Utaratibu ulinitaka nimwarifu Mkurugenzi, nikamwarifu, nikamsihi asiguse kitu. Akanijibu kwamba hizi si zama za kunong'ona, marafiki wa kweli huambiana wazi. Makubaliano mapya ya ulinzi yalikaribia kutiwa saini, na alitaka wakosoaji wa nyumbani waone kuwa tunajali haki. Wiki ya mwisho ya mfungo akatoa taarifa kwa vyombo vya habari, akiutaka ufalme umwachie kijana mara moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu alisimama mlangoni akakiamuru kitanda.

Brigedia alinipigia mwenyewe. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Juzi nilikuwa nimeshalipeleka jina lake," alisema. "Leo nikimtoa, watu wangu watasema tumeamrishwa. Mwache mpaka Idi ya mwakani, wasahau."

Nilitukana peke yangu pale jikoni, kwa lugha zote nizijuazo. Makubaliano yalitiwa saini bila neno juu ya mlinzi wa Kirundi. Nilipostaafu miezi michache baadaye, Mkurugenzi aliitaja taarifa ile kwenye hotuba ya kuniaga, miongoni mwa mafanikio ya kitengo. Nikasema ahsante, nikafunga kompyuta.

Vijana mnaoingia kazi hii mtafundishwa kuhesabu mitambo. Hesabuni, mnalipwa kwa hilo. Ila mjue kwamba mfalme anayetegemea silaha zenu huona haya kuliko mwingine yeyote mbele ya watu wake, na mkimfedhehesha hamtalipa ninyi wala yeye. Atalipa mlinzi wa getini.

Mama Ezekieli hajanilaumu hata siku moja, na hilo linaniuma zaidi. Ni mtu wa kanisa, mwanakwaya, kalenda yetu Waislamu hakuwa na haja nayo mpaka nilipomwambia tungoje Idi ijayo. Sasa kila mwezi ukiandama hunipigia kuuliza kama ndiyo Ramadhani.

"Bado, mama," nilimwambia juzi. "Huu ni Rajabu."

Akanishukuru. Kisha akauliza baada ya Rajabu unafuata upi.