Injini Iliyonyamazishwa

Mume wangu alikuwa na sikio. Kwetu Bukavu, Kongo, aliongoza kwaya, na tulipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, katikati ya miaka ya tisini, sikio hilo lilikuwa karibu mali pekee iliyovuka mipaka bila kuibiwa. Jirani yetu, mfanyabiashara Mwislamu kutoka Kindu, alikuwa na mdomo. Wakanunua pamoja pikapu kuukuu ya kupeleka bidhaa Lilongwe. Sikio na mdomo. Kilichokosekana ni fundi tu.

Injini ililia tak-tak-tak. Ilikuwa imelia hivyo tangu siku ya kwanza na ilitufikisha mjini kila tulipotaka. Lakini siku moja kabla ya mimi kupeleka gauni la harusi nililomshonea binti mmoja wa Area 25, mtaa wa Lilongwe, mume wangu aligundua kwamba mlio ule unamuumiza.

"Ni vali," alisema. "Zimelegea. Nitazikaza mwenyewe, hapa nyumbani."

"Papa, gauni linatakiwa kesho asubuhi," nilimkumbusha.

"Mama, kesho utasafiri kama muke ya minisita!" Mke wa waziri, mimi!

Akatandika mkeka wangu mbele ya nyumba, akafungua kifuniko cha juu cha injini na kuanza kazi kwa bisibisi na spana moja. Vali inahitaji kuachiwa nafasi ndogo sana, ili ipate kufunga vizuri. Bwana kwaya hakuwa na habari ya nafasi. Alikaza skrubu huku ameinamisha kichwa, mpaka kila kitu kikatulia. Jirani alimsifu kwa kila skrubu.

"Sasa haiko inalia hata kidogo!" alisema jirani.

Kweli haikulia. Asubuhi haikulia, na wala haikuwaka. Vali zilikuwa zimebanwa zikabaki wazi, na injini ikapumua tu kama mgonjwa. Waumini waliokuwa wakienda ibadani waliisukuma mpaka wakaishiwa nyimbo. Mume wangu aliwashukuru, kisha akaeleza kwamba tatizo ni baridi.

Nilifunga gauni kwenye shuka, nikaliweka kichwani, nikatembea hadi barabara ya lami. Huko nilipanda matola, lori la mizigo linalobeba abiria nyuma, nikakaa juu ya magunia ya mahindi nikiwa nimelikumbatia gauni kama mtoto mwenye homa. Hivyo ndivyo muke ya minisita alivyosafiri. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba mama mmoja alinipa muwa bila kuniuliza kitu.

Nilimkuta bibi harusi amevaa kanga, analia. Nilimvalisha na kumshonea kifungo kimoja akiwa amesimama. Alipojitazama kwenye kioo alinishukuru kwa Kichewa, "Zikomo, mama," akanishika mkono na hakuuachia. Nami nikajikuta nalia. Sikuwa na harusi ya namna hiyo. Niliolewa haraka, vita ikiwa mlangoni.

Tulikuwa bado tunafutana machozi niliposikia tak-tak-tak nje. Wanaume wangu wawili waliteremka, mafuta hadi kwenye nyusi. Walikuwa wamezifungua upya vali injini ikiwa baridi, wakapima nafasi kwa nyembe mbili zilizobandikwa pamoja. Nyembe zangu za kufumulia mishono, bila shaka. Hadi leo kila mmoja anadai wazo lilikuwa lake.

"Mama, gari iko muzima!" alitangaza mume wangu mbele ya wageni, kana kwamba ndiye aliyeleta gauni.

"Na wewe?" nilimuuliza.

Alitazama chini. "Miye niko na njaa."

Baba wa bibi harusi, ambaye gari lake la kukodi halikuwa limetokea, aliwaomba wambebe binti yake kanisani. Jirani alitandaza kitambaa cheupe kwenye kiti. Mume wangu alinawa mikono, akaendesha polepole mno, na mimi nikaketi nyuma na mashangazi wa bibi harusi, nikiwafundisha wimbo wa kwetu.